Mkataba wa kupanga fleti Tudor: vipengele hivi vinasimama kisheria?

Mpangaji_Tudor

Salaam aleikum jamaa. Kuna mkataba wa kupanga fleti ya vyumba viwili vya kulala hapa Tudor, Mombasa, orofa ya tatu, ambayo ndiyo ya mwisho juu. Kodi ni KSh 28,000 kwa mwezi. Mkataba umeandikwa Kiingereza na wataka utiwe saini kabla ya Ijumaa. Naviweka hapa kwa Kiswahili vipengele vinavyonitia shaka:

1. Muda ni miezi 12. Kodi hulipwa tarehe 1, na mwisho wa kuvumiliana ni tarehe 5.
2. Dipoziti ni ya miezi miwili, KSh 56,000, pamoja na 5,000 ya maji na stima. Dipoziti itarudishwa "baada ya kukatwa gharama ya rangi na marekebisho".
3. Kodi itapanda asilimia 10 kila mwaka, "au wakati wowote mwenye nyumba atakapoona haja".
4. Mpangaji akitaka kuhama atoe notisi ya miezi mitatu. Mwenye nyumba akitaka nyumba yake, notisi ya mwezi mmoja.
5. Kodi isipoingia kufikia tarehe 5, keateka atafunga mlango kwa kufuli na kukata maji.
6. Marekebisho yote, ya ndani na ya nje, ni juu ya mpangaji.
7. "Kodi yoyote ya serikali inayotokana na upangaji huu" ni juu ya mpangaji.

Juu ya hayo kuna KSh 3,500 ya kuandika mkataba. Aliyetia saini upande wa pili ni ajenti, na pesa zote, KSh 92,500, zatakiwa zitumwe kwa namba ya simu ya keateka. Kipi cha kukataa, kipi cha kurekebisha, na nianze na lipi?

---

wakili_mvita

Wa aleikum salaam. Kwanza tujue uko chini ya sheria ipi, maana wengi huingia kwenye mabishano na sheria isiyowahusu.

Sheria ya kudhibiti kodi za nyumba, Sura ya 296 ya sheria za Kenya, ndiyo yenye kinga kali. Nyumba ikiwa chini yake, hutolewi bila amri ya baraza lake la kodi, na mwenye nyumba anayekusumbua kusudi uhame anatenda kosa la jinai. Lakini inahusu nyumba za kuishi ambazo kodi yake kisheria haizidi KSh 2,500 kwa mwezi. Kwa Mombasa ya leo hiyo ni chumba kimoja kwenye nyumba ya Kiswahili, tena si kila mtaa. Fleti ya 28,000 haimo. Sura ya 301 nayo ni ya maduka, hoteli na mikahawa, kwa hiyo mtu akikuambia uende baraza la kodi za biashara, amekupoteza njia. Na ule mswada wa mwaka 2021 wa wenye nyumba na wapangaji usiutegemee: mswada si sheria.

Ulicho nacho ni Sheria ya Ardhi ya mwaka 2012 na karatasi utakayotia saini. Sheria ya Ardhi imeweka mambo machache ya lazima, mengine yote imeyaacha kwenu wawili. Ndiyo maana kalamu yako kabla ya kutoa pesa ina nguvu kuliko malalamiko ya baadaye.

Kipengele cha 5 kikatae kabisa. Mwenye nyumba anayedai kodi ana njia kuu mbili. Ya kwanza ni kukamata mali kwa ajili ya malimbikizo chini ya Sura ya 293, na hiyo hufanywa na dalali wa mnada mwenye leseni, si keateka wala askari wa geti. Ya pili ni kuvunja mkataba: chini ya kifungu cha 75 cha Sheria ya Ardhi atoe notisi isiyopungua siku 30 inayotaja kosa na kukupa nafasi ya kulirekebisha, kisha aende mahakamani ukikaidi. Kufuli na kukata maji havimo katika njia hizo, na vinavunja haki yako ya kukaa kwa utulivu iliyo katika kifungu cha 65. Lakini usiseme moyoni "ni haramu, basi hakinidhuru, nitatia saini tu". Ukikuta kufuli saa mbili usiku, amri ya mahakama huipati usiku huo. Kisiwepo kwenye karatasi tangu mwanzo. Badala yake andikeni: "Kodi ikichelewa zaidi ya siku saba, mwenye nyumba atatoa notisi ya maandishi na kufuata sheria."

Kipengele cha 6 kinagongana na kifungu hichohicho cha 65. Jengo likiwa na wapangaji wengi, paa, kuta kuu na za nje, mabomba makuu ya maji machafu na sehemu za pamoja kama ngazi na veranda ni mzigo wa mwenye nyumba. Vilevile nyumba iwe inafaa kuishi binadamu siku unayoingia, na ibaki hivyo. Yako ni ya ndani: kitasa ulichovunja, kioo, sinki lililoziba kwa mafuta ya kupikia. Orofa ya mwisho ndiyo inayopokea mvua yote ya masika, kwa hiyo neno "paa" litajwe waziwazi upande wa mwenye nyumba.

Kipengele cha 4 si haramu, ila kimepinda. Wengi hawajui kwamba mkataba wa miezi 12 usio na kipengele cha kutoka mapema unakufunga miezi yote 12: ukihama mwezi wa sita unaweza kudaiwa kodi ya miezi iliyobaki. Kwa hiyo usikifute, kisawazishe: mwezi mmoja kwa kila upande, kwa maandishi.

Kipengele cha 3, ondoa maneno "au wakati wowote". Ongezeko la 10 kwa mia likiachwa, lijue kwa shilingi: 30,800 mwaka wa pili, 33,880 mwaka wa tatu. Mkataba wenu ni wa mwaka mmoja, hivyo ongezeko lingoje mkataba mpya na notisi ya miezi miwili.

---

msimamizi_ploti

Wakili amesema ya sheria, nami naongeza ya nyumba yenyewe, kwa sababu dipoziti nyingi hupotelea kwenye rangi na mabomba.

"Gharama ya rangi" bila mipaka ni dipoziti iliyokwisha liwa. Sheria ya Ardhi inasema mpangaji hurudisha nyumba kama alivyoikuta, ila hawajibiki kwa uchakavu wa kawaida. Rangi iliyofifia kwa jua la dirishani ni uchakavu. Matundu ya misumari na michoro ya watoto ukutani ni uharibifu. Kwa hiyo andikeni: "Dipoziti itakatwa tu kwa uharibifu unaozidi uchakavu wa kawaida, kwa kulinganisha na orodha ya makabidhiano, na kila makato yaambatane na risiti. Salio litarudishwa ndani ya siku 14 tangu funguo zirudishwe." Siku hizo mtazitaja nyinyi, maana kwa nyumba kama hii sheria haijaweka muda wa kurudisha dipoziti. Usipoandika, "kesho" haitafika.

Orodha ya makabidhiano ndiyo kinga yako. Ifanywe mchana, nyumba ikiwa tupu, kabla ya kulipa. Chumba kwa chumba: kuta nne, dari, sakafu, mlango na kitasa, idadi ya funguo, madirisha, soketi, swichi, taa. Piga picha pana ya kila ukuta halafu ya karibu kwa kila kasoro, uzitume siku hiyohiyo kwa ajenti na kwa mwenye nyumba ili tarehe ibaki. Orodha itiwe saini na pande zote mbili, nakala mbili.

Pwani ina maradhi yake, na usipoyaandika utalipishwa wewe:

Chumvi ya hewani hula chuma. Angalia nondo za madirisha, bawaba, na vyuma vilivyobeba kiyoyozi nje. Kutu iliyopo iandikwe "kutu ipo", na picha.

Maji ya kisima yana chumvi. Yaonje. Kama bomba la bafuni limeganda weupe, ndiyo hayo. Chumvi huua haraka ile shawa ya umeme isiyotengenezwa kwa maji ya chumvi: waya wa ndani huungua, na mpangaji huambiwa "umeunguza". Uliza ni ya aina gani, iandikwe.

Maji ya kaunti hayaji kila siku. Andikeni nani hununua maji ya bouza, yaani ya lori la tangi, mabomba yakikauka, kwa bei gani kwa lita, na stima ya pampu inayopandisha maji tangini iko kwenye mita ya nani. Orofa ya tatu, fungua mabomba yote kwa pamoja dakika tano. Jikoni yakipungua ukifungua bafu, tangi haliko juu vya kutosha au bomba ni jembamba, na hilo halitatengenezwa ukishahamia.

Dari: tafuta madoa ya rangi ya chai, hasa pembeni na juu ya madirisha yanayotazama upande wa kusi. Doa lililopakwa rangi mpya juu yake huonekana ukilimulika na tochi kwa ubavu.

Stima: nunua tokeni ya shilingi 100 kwa mita hiyo kabla ya saini. Risiti ikionyesha makato ya deni, deni ni la aliyetangulia, na litakula tokeni zako mpaka liishe. Mwenye nyumba alilipe kwanza.

Shimo la maji machafu likijaa, gari la kunyonya hulipwa na nani? Wakili amekwisha sema mabomba makuu ni ya mwenye nyumba. Shimo la pamoja nalo liandikwe hivyohivyo, ama gharama igawanywe kwa idadi ya fleti. Kusiwe na mkataba unaosema "mpangaji" tu.

---

hesabu_za_kodi

Nina mambo mawili tu.

Kipengele cha 7. Kodi ya mapato ya nyumba za kuishi ni deni la anayepokea kodi. Tangu Januari 2024 ni asilimia 7.5 ya pato lote, bila kuondoa gharama, kwa mwenye nyumba mkaazi anayepata kati ya KSh 288,000 na milioni 15 kwa mwaka. Hulipwa KRA, mamlaka ya mapato ya Kenya, kufikia tarehe 20 ya mwezi unaofuata. Fleti hii peke yake ni 336,000 kwa mwaka, kwa hiyo imo. Kipengele hicho kikibaki unaweza kuletewa 2,100 kila mwezi juu ya kodi yako. Nyumba ya kuishi pia haina VAT, yaani kodi ya ongezeko la thamani, hivyo ukiona asilimia 16 kwenye bili ya kodi, ikatae.

Ushuru wa stempu. Kwa upangaji usiozidi miaka mitatu ni asilimia 1 ya kodi ya mwaka: 336,000 mara asilimia 1 ni KSh 3,360. Hulipwa kupitia iTax, mtandao wa kodi wa KRA, ndani ya siku 30 tangu saini. Ukizidi miaka mitatu ni asilimia 2. Uliza kama ile 3,500 ya "kuandika mkataba" ndiyo hii, maana zimekaribiana mno. Kama ndiyo, udai mkataba wenye stempu. Kama siyo, ujue stempu bado haijalipwa.

---

mzee_wa_kibandani

Mkataba usio na stempu ni batili, ndugu. Mwenye nyumba anaweza kukutoa wakati wowote.

---

wakili_mvita

Hapana, mzee wangu, kwa heshima. Si batili. Unabaki kuwafunga waliotia saini. Tatizo lake ni la ushahidi: mahakama haiupokei mpaka ushuru ulipwe, na ukicheleweshwa huwa na faini juu yake. Tena upangaji usiozidi miaka miwili usio na nafasi ya kuongezwa unaweza hata kuwa wa mdomo, Sheria ya Ardhi inauruhusu katika kifungu cha 58. Hauhitaji kusajiliwa. Ila wa mdomo kuuthibitisha ni kazi, na nisingemshauri mtu.

---

mwana_wa_majengo

Jamaa wameruka jambo lililo kubwa hapa kwetu: anayepangisha ni nani hasa?

Kwingine unafanya upekuzi wa hati kwenye ofisi ya ardhi, jina likilingana na kitambulisho umemaliza. Mombasa haitoshi. Tuna nyumba bila ardhi: kiwanja ni cha mtu, nyumba ni ya mwingine, na mwenye nyumba humlipa mwenye ardhi kodi ya kiwanja. Majengo, Kisauni, Likoni, Changamwe zimejaa hizo, na siku hizi baadhi zimepandishwa orofa. Hati ukiipekua utaona jina la mwenye ardhi, la mwenye nyumba halimo. Hapo omba mkataba wa kununulia nyumba na risiti za kodi ya kiwanja za karibuni. Mwenye nyumba akiwa na deni au kesi na mwenye ardhi, siku amri ya kubomoa au kuhamisha ikitoka, mpangaji anatoka pamoja naye na dipoziti yake iko mfukoni mwa mtu aliyeanguka.

Pili, mirathi. Baba amefariki, nyumba haijagawanywa, mtoto mkubwa anapangisha. Mwezi wa tatu anakuja dada yake na kusema kodi ni yake. Omba barua ya usimamizi wa mirathi, na mkataba utaje msimamizi aliye ndani ya barua hiyo. Ndugu wakigombana baadaye, wewe mlipe msimamizi na utunze risiti.

Tatu, wakfu. Mji wa Kale hasa, lakini si huko tu. Nyumba ikiwa ya wakfu, uliza kwenye ofisi ya Makamishna wa Wakfu hapa Mombasa kama anayekupangisha ana mamlaka.

Na ajenti: omba barua ya mwenye nyumba inayompa idhini ya kutia saini na kupokea pesa, kila moja itajwe. Ajenti halali husajiliwa chini ya Sura ya 533. Dalali wa mtaani anaweza kukuonyesha nyumba, lakini asiwe ndiye upande wa pili wa mkataba wako.

Pesa kwa simu ya keateka, usitume. Keateka akiachishwa kazi wiki ijayo, utabaki kuthibitisha kwamba alipokea kwa niaba ya mtu. Namba ya akaunti au ya Paybill iandikwe ndani ya mkataba pamoja na jina linalotokea ukilipa, na jina hilo lilingane na la mwenye nyumba au la kampuni iliyotajwa.

---

Mpangaji_Tudor

Shukrani sana jamaa, Mungu awabariki. Ajenti amekubali kufuta 5 na 7, ila asema mkataba ni wa kuchapishwa, hawezi kuuchapa upya. Nina maswali matatu: marekebisho ya kalamu yanakubalika? Miezi 12 ikiisha bila mkataba mpya, hali yangu ni ipi? Na dipoziti isiporudishwa, naenda wapi?

---

wakili_mvita

Kalamu inakubalika. Kata kipengele kwa mstari mmoja kinachosomeka, usikipake wino, andika kipya pembeni, na pande zote mbili waweke saini fupi palepale kwenye kila mabadiliko na chini ya kila ukurasa. Saini ya ajenti pekee haitoshi mpaka ile barua ya idhini aliyoitaja mwana wa Majengo iambatanishwe. Maneno yakiwa mengi, andikeni ukurasa wa nyongeza wenye tarehe ileile, na mkataba useme kwamba nyongeza ni sehemu yake.

Miezi 12 ikiisha ukaendelea kukaa na yeye akaendelea kupokea kodi kwa miezi miwili, kifungu cha 60 kinahesabu kwamba mmeingia upangaji wa mwezi kwa mwezi. Notisi ya upangaji wa namna hiyo iko kifungu cha 57, na ndiyo inayokosewa mno: isipungue mwezi mmoja, na iishe siku ya kulipa kodi. Kodi yako ni tarehe 1. Ukiletewa notisi tarehe 10 Machi, haiishi tarehe 10 Aprili. Inaisha tarehe 1 Mei. Ukitoa wewe, hesabu ni hiyohiyo, kwa hiyo ipeleke kabla ya tarehe 1 usije ukalipa mwezi wa ziada. Jengo likiuzwa katikati, upangaji usiozidi miaka miwili na ule wa mwezi kwa mwezi unamfuata mnunuzi hata kama haukusajiliwa. Ila dai barua ya pande zote mbili inayosema dipoziti yako ya 56,000 imehamia kwa nani.

Dipoziti isiporudi, fuata hivi. Siku unayotoka, zungukeni nyumba na orodha ile ya mwanzo, atie saini kwamba amepokea funguo. Muda mliokubaliana ukipita, andika barua ya madai: kiasi, tarehe, na siku saba au 14 za kulipa. Akinyamaza, Mahakama ya Madai Madogo, ambayo Mombasa ipo. Ina uwezo wa hadi KSh milioni 1, na sheria yake ya mwaka 2016 inataka kesi iamuliwe ndani ya siku 60. Unaweza kujisimamia mwenyewe. Dai lako liite pesa zako zilizoshikwa na mwenzako, usiingize mgogoro wa nani akae ndani ya nyumba, kwa sababu mahakama hiyo haina mamlaka juu ya umiliki au ukaaji wa ardhi na dai lako lote linaweza kutupwa. Kufuli na kufukuzwa ni mahakama ya hakimu mwenye mamlaka ya mambo ya ardhi, au Mahakama ya Mazingira na Ardhi.

Peleka mkataba wenye stempu, taarifa ya M-Pesa au benki, orodha zote mbili za makabidhiano, picha, na barua ya madai. Kwa picha na ujumbe wa WhatsApp, ambatanisha cheti cha ushahidi wa kielektroniki chini ya kifungu cha 106B cha Sheria ya Ushahidi: ukurasa mmoja unaosema simu ipi ilitumika, ni yako, na jinsi ulivyochapisha. Watu hukikosa na upande wa pili hupinga picha zote.

---

msimamizi_ploti

Na usimlipe kodi ya mwezi wa mwisho kwa "kukatia kwenye dipoziti" mpaka akubali kwa maandishi. Wengi hufanya hivyo kwa hofu ya kutorudishiwa, kisha wanageuka wao kuwa wadaiwa wa kodi, na dalali wa mnada ana haki ya kugonga mlango.

---

Mpangaji_Tudor

Nimeelewa. Kesho saa nne asubuhi tunapanda juu na orodha, tokeni ya 100 na tochi. Saini baada ya hapo.